Rungwe: Nchi Iliyogawanywa Kila Kizazi

Mwaka 1879 msafiri wa Kiskoti, Joseph Thomson, alishuka kutoka nyanda za juu hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Nchi aliyoikuta ilimpendeza mno: migomba mikubwa, nyumba safi, ng'ombe walionona. Wazungu waliomfuata waliita eneo hilo Konde. Hata leo, anayetoka Mbeya akaanza kuteremka kuelekea Tukuyu, akaiona miteremko ya kijani kibichi na ukungu juu ya Mlima Rungwe, hupata shida kuamini kwamba hapa watu wa lugha moja, Wanyakyusa, walipigana kwa mikuki kizazi baada ya kizazi.

Walipigana kweli, na kwa kuwa maelezo rahisi ya "ukabila" hayana nafasi hapa, sababu zake zinastahili kutazamwa kwa makini. Wote walimtambua Lwembe, mtawala wa kidini aliyeombewa mvua na rutuba, ambaye makao yake matakatifu yalikuwa Lubaga, jirani na Tukuyu ya leo. Koo za watawala zilisimulia asili moja, Ukinga, ng'ambo ya milima ya Livingstone. Lakini kati ya milima hiyo, mto Songwe na ziwa kulikuwa na nchi ndogo zaidi ya mia moja, kila moja ikiitwa ikisu na kuongozwa na malafyale wake. Monica Wilson, aliyeishi Rungwe pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kwamba nyingine zilikuwa na wanaume watu wazima mia moja tu, na kubwa kabisa kama elfu tatu.

Wingi huo ulikuwa na utaratibu wake. Takriban kila miaka thelathini, wana wa malafyale walipokomaa, ilifanyika sherehe ya ubusoka, yaani kutoka. Mioto ya zamani ilizimwa nyumba hadi nyumba, ukapekechwa moto mpya. Wana wakuu wawili walipandiwa miti yao, nchi ya baba ikakatwa mapande mawili, na vijana wa rika lao wakapewa vijiji vya kukaa. Wanyakyusa, tofauti na majirani wengi, walikaa kwa rika na si kwa ukoo: wavulana walianza kijiji chao wakiwa bado wadogo, wakazeeka pamoja. Malafyale mzee alikabidhi madaraka, na ilitarajiwa asiishi muda mrefu baada ya hapo.

Ukisoma maelezo ya Wilson peke yake utadhani kila mgawanyo ulipita kwa amani. Simon Charsley, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu watoto wa watawala wa Unyakyusa, alipinga picha hiyo. Kwake, huo ulikuwa utaratibu uliotarajiwa tu. Yaliyotokea yalitegemea nani kati ya ndugu alivuta wafuasi wengi. Nakubaliana naye. Nchi inayogawanywa sehemu mbili katika kila kizazi inahitaji msitu mpya wa kufyeka. Msitu ukiisha, ndugu mmoja humsukuma mwenzake, au wote wawili humsukuma jirani.

Kisha kuna ng'ombe. Kijana hakuoa bila ng'ombe, na ng'ombe walikuwa mikononi mwa baba, ambaye mara nyingi aliwatumia kujiolea mke mwingine. Vijana wenye nguvu walikaa miaka mingi bila wake huku wazee wakiwa na wake kadhaa. Basi mke wa mzee alitoroka na kijana, wakakimbilia ikisu ya jirani. Mume akadai ng'ombe wake. Malafyale wa kule akakataa kumtoa mgeni wake. Au vijana walivuka mto usiku wakaswaga mifugo. Vita vingi vilianzia hapo. Sitaki kuviita vidogo, kwa sababu waliokufa walikuwa watoto wa watu, na mara nyingi aliyewaua alikuwa binamu.

Kwa nini hakutokea mmoja akawaweka wote chini yake? Jibu linaonekana ukivuka Songwe. Wangonde wa Karonga ni ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na asili, na mtawala wao, Kyungu, husimuliwa kuwa ndugu yake Lwembe. Lakini Kyungu wa kilima cha Mbande alipata biashara ya pembe za ndovu, na nguo zilizotoka kwa wafanyabiashara aliwagawia wakuu wake, wakamtegemea. Lwembe alikuwa na mvua na rutuba, hakuwa na bidhaa ya kugawa. Aliheshimiwa na wote, akatiiwa na wachache. Hata mwaka 1887, mfanyabiashara wa watumwa Mlozi na watu wake walipowaua Wangonde kando ya ziwa na wengi kukimbilia kaskazini ya Songwe, wapiganaji wa upande huu walivuka kwenda kusaidia, ila hawakurudi wakiwa na jeshi moja wala mkuu mmoja.

Wajerumani walikuta hali hiyo na ikawafaa. Walijenga Langenburg ziwani mwaka 1893, kisha wakahamia mlimani na kuita mji Neu-Langenburg, ndio Tukuyu. Majeshi ya Waingereza kutoka Nyasaland yaliuteka Mei 1916. Chini ya tawala zote mbili vita vya mikuki vilikoma, lakini mipaka nayo iliganda pale ilipokutwa. Waingereza walichagua machifu wachache kuwa wakuu wa mabaraza, wengine wakawekwa chini yao. Vijana walianza kwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa kutafuta mshahara wa kununulia ng'ombe wao wenyewe. Ubusoka ukabaki sherehe isiyo na ardhi ya kugawa.

Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1890 ulikuwa umeshaufanya Songwe mpaka wa makoloni mawili. Kusini ya mto, Malawi, Kyungu bado anaketi Karonga akiwa chifu mkuu. Kaskazini, mwaka 1963, sheria ya Tanganyika iliondoa madaraka ya machifu wote, wa Rungwe wakiwemo.