Figo katika Historia ya Tiba ya Sistiki Faibrosisi

Nilipoanza kusoma historia ya tiba, niliandika zaidi majina ya wagunduzi na miaka ya ugunduzi. Ugonjwa wa sistiki faibrosisi ulinionyesha kwamba historia ya dawa haikamiliki bila kuuliza yaliyowapata wagonjwa baadaye.

Ugonjwa huu wa kurithi huufanya ute wa mapafu na kongosho kuwa mzito. Daktari Dorothy Andersen wa New York aliueleza kwa kina mwaka 1938, wakati wagonjwa wengi walipokuwa wakifariki wangali wadogo. Miaka ya 1960 zilipatikana jentamaisini na tobramaisini, antibiotiki za kundi la aminoglikosidi zinazoweza kuikabili bakteria sugu ya mapafu hayo, Pseudomonas aeruginosa.

Hata hivyo, dawa hizi hutoka mwilini kupitia figo, na sehemu yake hubaki katika seli za mirija midogo ya figo na kuzidhuru. Mtoto mwenye ugonjwa huu hutibiwa tena na tena. Isitoshe, mwili wake huitoa dawa upesi, hivyo huhitaji dozi kubwa. Haba na haba hujaza kibaba: kadiri watoto walivyoishi zaidi, ndivyo figo zao zilivyopokea dawa zaidi. Kwa maoni yangu, hatari hii ilizaliwa na mafanikio yenyewe ya tiba.

Kwa muda mrefu dozi ya siku iligawanywa mara tatu. Mwaka 2005, utafiti wa TOPIC wa Uingereza ulilinganisha mgawo huo wa tobramaisini na dozi moja kwa siku, kwa siku 14. Mapafu yalipata nafuu sawa, lakini kwa watoto, dozi moja ilionyesha dalili chache za kudhurika kwa figo. Sababu ni kwamba uwezo wa seli kufyonza dawa una kikomo: dozi moja kubwa huingia kidogo kuliko kiasi kilekile kikigawanywa.

Jentamaisini hutumika pia kwa watoto wachanga katika hospitali zetu Afrika Mashariki. Kwa hiyo, ninahitimisha kwamba kugundua dawa ni nusu ya historia. Nusu nyingine ni kujifunza kuipima, kuigawa na kuzichunguza figo za anayepewa.