Mazoezi yanavyousaidia moyo uliodhoofika

Kwa miongo mingi, mgonjwa aliyegunduliwa kuwa moyo wake unashindwa kufanya kazi aliamriwa kulala kitandani na kujiepusha na kila aina ya juhudi. Hivi leo, mazoezi ya mwili ni sehemu ya tiba inayopendekezwa na jumuiya za madaktari wa moyo barani Ulaya na Marekani.

Moyo kushindwa kufanya kazi si moyo kusimama. Ni hali ambapo misuli yake imedhoofika au imekakamaa, hivyo hausukumi damu ya kutosheleza mwili. Mgonjwa huchoka upesi, hukosa pumzi hasa anapolala chali, na huvimba miguu. Utafiti uliofanywa katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, na kuchapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa chanzo kikuu ni shinikizo la juu la damu. Wastani wa umri wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 52.

Madhara ya kutojongea

Mtu asiyejongea hupoteza nguvu za mapaja na mgongo, na kazi ndogo humchosha zaidi. Mazoezi hugeuza mwenendo huo. Misuli hutumia vyema oksijeni inayoletwa na damu, mishipa hutanuka kwa wepesi, na homoni zinazouharakisha moyo hupungua. Mzigo wa moyo nao hupungua.

Moyo wenyewe pia hunufaika. Katika utafiti wa Italia wa mwaka 2003 uliohusisha wagonjwa 90, chemba ya kushoto ya waliofanya mazoezi kwa miezi sita ilipungua ukubwa, ilhali ya wasiofanya ilizidi kutanuka.

Manufaa na mipaka yake

Utafiti mkubwa zaidi, uliochapishwa mwaka 2009, ulihusisha wagonjwa 2,331 katika Marekani, Kanada na Ufaransa. Ulithibitisha kuwa mazoezi ni salama. Awali tofauti ya vifo na kulazwa hospitalini ilikuwa ndogo mno kuthibitishwa. Ukali wa ugonjwa ulipozingatiwa, hatari hiyo ilionekana kupungua kwa asilimia 11. Utafiti mwingine wa Ulaya, wa mwaka 2017, haukuona kuwa mazoezi makali yanayapita yale ya wastani.

Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Mgonjwa huanza baada ya kupimwa na daktari na hali yake kutulia, kwa kutembea dakika chache, kisha kuongeza taratibu. Kipimo chepesi ni kuweza kuzungumza huku akitembea. Akihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au moyo kwenda mbio isivyo kawaida, asimame mara moja na kutafuta msaada. Uzito ukiongezeka zaidi ya kilo 2 katika siku tatu, huenda maji yanajaa mwilini. Amwone daktari kabla ya kuendelea.