Mtazamaji wa Jua Alitangulia Jiwe

Kaburi la Newgrange lilijengwa Ayalandi yapata mwaka 3200 KK, kabla ya piramidi za Giza. Juu ya mlango wake wajenzi waliacha tundu, na asubuhi ya solistasi ya majira ya baridi, mnamo tarehe 21 Desemba, mwale wa jua hupenya tunduni, hufuata ujia wenye urefu wa mita 19 na kukiangaza chumba cha ndani kwa takriban dakika 17. Wenyeji walikuwa wakisimuliana kwamba jua huingia humo. Mwanaakiolojia Michael O'Kelly alikwenda kuhakikisha. Tarehe 21 Desemba 1967 aliketi gizani na kuushuhudia mwale huo kwa macho yake. Tangu hapo Newgrange imekuwa mfano wa kwanza kutajwa kila inapojadiliwa jinsi watu wa kale walivyoutambua mchana mfupi kuliko yote.

Nadai kwamba mfano huo umebebeshwa mzigo usio wake. Newgrange inathibitisha kuwa siku hiyo ilikwisha kujulikana, lakini haituambii ilijulikanaje. Mwale wenyewe huingia kwa siku kadhaa, kabla na baada ya solistasi, hivyo aliyeketi chumbani hawezi kuitenga siku yenyewe kwa mwanga huo peke yake. Tena, hakuna fundi awezaye kuelekeza ujia wa mawe mazito kule jua litakakochomoza pasipo kujua mapema ni wapi. Kabla jiwe la kwanza halijaburutwa, kuna mtu alikwisha simama pale kilimani asubuhi nyingi za baridi, mwaka baada ya mwaka, akilitazama jua na kuweka hesabu.

Ugumu wa kazi ya mtu huyo hauonekani mpaka tufuatilie mwendo wa jua kwenye upeo wa macho. Tuchukue latitudo ya Arizona, kusini-magharibi mwa Marekani. Mwezi Machi na Septemba, mahali pa mawio husogea kila siku kwa karibu upana wa jua lenyewe. Kadiri solistasi inavyokaribia, mwendo huo hupungua, hata katika siku tano za mwisho jumla ya kusogea haifikii robo ya upana huo. Macho matupu hayaikamati tofauti ndogo namna hiyo. Anayengoja siku ifike ndipo aitambue atakuwa amechelewa, maana inafanana mno na siku zilizoitangulia na zitakazoifuata. Lakini siku 20 kabla yake, jua bado liko mbali na kikomo chake kwa zaidi ya mara tatu ya upana wake, na linasogea kiasi cha kuonekana. Mwenye alama mahali hapo, iwe kilele, pengo au ukingo wa jabali, ataanza kuhesabu siku na kuifikia solistasi hata mawingu yakitanda wiki nzima.

Watu wa Hopi, wakazi wa Arizona tangu kale, wana elimu ya namna hii, na kwa bahati njema kuna maandishi yanayoieleza. Alexander Stephen, aliyeishi jirani nao hadi kifo chake mwaka 1894, alichora madaftarini mwake milima na mabonde yanayoonekana kutoka kijiji cha Walpi. Madaftari hayo yalichapishwa mwaka 1936. Kila mahali penye maana katika mchoro huo pana jina na kazi yake: jua likichomozea hapa hupandwa mahindi, likifika pale ni zamu ya mazao mengine. Ulipowadia wakati wa solistasi ya Desemba, mtazamaji wa jua aligeukia machweo, kusini-magharibi, iliko milima ya San Francisco. Kwa taarifa yake sherehe ya Soyal iliweza kutangazwa siku kadhaa mapema, ili vijiti vya dua vyenye manyoya viandaliwe kabla jua halijaombwa ligeuke na kurudi.

Husemwa mara kwa mara kwamba watu wa kale waliadhimisha siku hiyo kwa hofu kuwa jua lingepotea moja kwa moja. Siioni hofu hiyo kwa mtu aliyekwisha kuhesabu siku na kuwaita wenzake wajiandae. Ninachokiona ni wajibu: jua lina safari yake, na binadamu ana sehemu yake katika kuifanikisha. Na kwa jamii inayolima mahindi penye mvua haba, kati ya jalidi ya mwisho na ile ya kwanza, kukosea kwa wiki mbili kulikuwa ni kukaribisha njaa. Ibada na kilimo viliongozwa na jicho lilelile.

Kwetu karibu na ikweta jambo hili ni rahisi kulipuuza. Mwanza, tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi kuliko yote haifiki nusu saa, na hakuna theluji ya kumkumbusha mtu chochote. Hata hivyo mawio huhama kwa takriban nyuzi 47 kati ya Juni na Desemba. Anayetazama upeo wa macho ataiona solistasi Mwanza kama inavyoonekana Walpi, ingawa aliyezoea kupima urefu wa mchana hataihisi.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja yangu linatoka Chankillo, katika pwani ya Peru. Huko, kati ya mwaka 250 na 200 KK, ilijengwa minara 13 kwa mstari juu ya mgongo wa kilima. Ukisimama mahali palipotengwa upande wa magharibi, jua huchomoza baina ya minara hiyo kwa zamu, mwaka mzima. Utafiti wa Iván Ghezzi na Clive Ruggles uliochapishwa mwaka 2007 ulilidhihirisha hilo, na mwaka 2021 UNESCO ikaliorodhesha eneo hilo kuwa Urithi wa Dunia. Je, hapa si jiwe lililofanya kazi? Ndiyo, nakubali bila shaka. Lakini tazama linavyofanya kazi. Minara hiyo ni upeo wa macho uliotengenezwa kwa mikono pale ambapo mgongo wa kilima haukuwa na alama za kutosha. Na solistasi ya Juni, ambayo huko kusini ndiyo ya majira ya baridi, haikuhitaji mnara wake peke yake: alama yake ya upande mwingine ni mteremko wa Cerro Mucho Malo, mlima wa asili. Wajenzi walianza na walichopewa na ardhi, wakaongeza kilichopungua.

Basi mawe mengine yalikuwa ya nini, kama hayakuwa ya kuigundua siku? Kisiwa cha Jua katika ziwa Titicaca kinatoa jibu zuri. Wainka walisimamisha huko nguzo mbili, na misingi yake imechimbuliwa. Jua la solistasi ya Juni lilipotua lilionekana baina yake. Brian Bauer na wenzake wameeleza kwamba tukio hilo lingeweza kutazamwa kutoka sehemu mbili: uwanja wa jabali takatifu, palipokuwa pa watawala na makuhani, na nje ya ukuta, walikozuiwa mahujaji wa kawaida. Umati ule uliomtazama mtawala akiwa sambamba na jua haukuwa ukijifunza tarehe. Ulikuwa ukionyeshwa nani yuko karibu na jua. Newgrange nako mwanga ulielekezwa kwa mabaki ya wafu, chumbani wasimoenea watu wengi. Mawe yalitumika kugawa elimu iliyokwisha kupatikana, na kuamua nani aishiriki.

Hoja hii inagusa namna tunavyopima jamii za kale. Historia ya falaki inapoandikwa kwa kuhesabu majengo, jamii iliyoacha kaburi la mawe huitwa ya wanafalaki, na iliyoacha mtu na mstari wa vilima huitwa ya wakulima tu. Kipimo hicho kinamkosesha haki hata mjenzi wa Newgrange, maana kinaitupa kazi iliyolitangulia jengo lake. Ushahidi wa utazamaji hukaa katika majina ya vilele, kalenda za kupanda na ratiba za sherehe. Huo hukusanywa kwa kuwauliza wazee na kusimama nao wanaposimama, si kwa sululu. Kama Stephen asingekuwa na daftari, na Wahopi wenyewe wasingeendelea kuilinda elimu yao, mchimbaji angefika Walpi, akapima nyumba na vyungu, akaondoka bila kujua kwamba chombo alichokuwa akikitafuta ni ile milima aliyoipa mgongo.