Kaye ya karani: namna gani haki ya shamba inaweza kupotea



Wengi wetu tulirudi Fizi kwa meli kutoka Kigoma, kuanzia 2005. Mama mmoja kati yetu alirudi na karatasi moja ndani ya mfuko wa plastiki. Ni hukumu ya tribinali ya sekta, ya mbele ya vita ya 1996, inayosema shamba ni la bwana yake, ambaye sasa ni marehemu. Iko na tarehe, namba na muhuri. Lakini shambani alikuta watu wengine wanalima, nao wakasema: « Karatasi hiyo mliiandika kambini. » Tulienda naye kutafuta rejista yenye namba ile. Haiko. Siku hiyo tulielewa kama haki ya mama ilikuwa mikononi mwa mtu ambaye hakuna anayemfikiria: karani wa tribinali.

Tribinali hizi zina historia ndefu. Wazee wetu walikata maneno tangu zamani, lakini kwa mdomo. Ushahidi ulikaa vichwani mwa watu. Ni dekreti ya tarehe 15 Aprili 1926 iliyopanga tribinali za wenyeji katika Kongo ya Wabelgiji. Chifu na wazee walihukumu kufuatana na desturi, na karani aliandika. Juu yao kulikuwa tribinali ya teritware, chini ya administrateri Mzungu, na parke iliweza kuvunja hukumu mbaya.

Tusidanganyane: mpango ule haukufanywa kwa kutupenda. Tribinali zilitumika pia kutoza faini, hata kupiga watu fimbo, ili amri za Bula Matari zifuatwe. Lakini kitu kimoja kilifanyika: kazi ya karani ilikuwa na mkaguzi. Makarani wengi walitoka shule za misioni na kujifunza kazi mezani. Mkubwa alipopita aliweza kufungua rejista na kuuliza: mashahidi ni nani? Mpaka wa shamba uko wapi? Hukumu nyingine zilifika mbali. Tangu 1933, gazeti moja la sheria la Elisabethville, ambako Antoine Sohier alifanya kazi kubwa, lilichapa hukumu za tribinali hizo. Bila karani aliyeandika vizuri, zisingejulikana.

Kisha uhuru ukaja. Sheria ya tarehe 10 Julai 1968 ilitaka kuunganisha mahakama zote za inchi: tribinali za amani zichukue nafasi ya zile za kimila. Sheria ya tarehe 31 Machi 1982 ikarudilia neno lile: za kimila ziendelee tu mpaka za amani zifunguliwe. Wazo lilikuwa zuri. Lakini tribinali za amani zilichelewa sana kufika, na vijijini watu waliendelea kupeleka maneno yao kwa chifu.

Hapo njo shida ilizaliwa. Nani atamfundisha mtu anayengojewa aondoke? Nani atamkagua? Kitu cha muda kilikaa miaka makumi, na karani alibaki na kalamu yake peke yake, mara mingi bila mshahara. Akaishi kwa feza za wenye maneno. Akaandika mambo mengine kwenye kaye ya shule, mengine kwenye karatasi tupu. Vita ilipokuja, hakukuwa kopi mahali pengine.

Na bado karatasi hizo zina uzito. Katiba ya 2006 inalinda mali iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi. Lakini desturi ya nani, kama hakuna maandishi? Sheria ya udongo ya 1973 iliahidi kwamba haki za kimila zitapangwa na amri ya Rais, na miaka ilipita bila amri hiyo kutoka. Kwa hiyo mwenye kurudi anashika kile alicho nacho: hukumu ya wazee na kumbukumbu ya majirani.

Tunapokaa na makarani leo, hatuwafundishi sheria kubwa kubwa. Tunaanza na rejista moja iliyoshonwa, kurasa zote zikiwa na namba. Waandike majina ya pande zote mbili, na la mke pia, si la bwana peke yake. Waandike mipaka kwa vitu vinavyoonekana: kijito, jiwe, mwembe. Wasome maandishi kwa sauti mbele ya watu, kisha watie sahihi. Kopi moja ikae mbali na ofisi. Kila mwezi tunarudi kukagua. Hatugusi hukumu yenyewe. Hiyo ni kazi ya waamuzi.

Wafadhili wetu, kununua rejista ni rahisi. Kurudi kila mwezi kuifungua ndiko kunakogharimu, na ndiko kulikokosekana tangu zamani. Ninyi memba, msitoke tribinalini bila namba ya hukumu na ya ukurasa.

Neno la mama yetu halijaisha. Wazee watatu walijua mwembe wa mpaka. Wawili wamekwisha kufa. Wa tatu tumemwandika juma lililopita.