Neno la Leo: Aoros
Katika makaburi ya Terenouthis, ukingoni mwa Delta ya Nile huko Misri, enzi za utawala wa Roma, marehemu mara nyingi alichongwa kwenye bamba la mawe ya chokaa: amejiegemeza kitandani, kikombe mkononi, pembeni yupo mbweha, mnyama wa mungu Anubis. Chini yake maandishi ya Kigiriki hutaja jina, umri na sifa. Mama huitwa philoteknos, mpenda watoto. Wengine huitwa aoros. Hora ni msimu, a- hukanusha. Neno aoros husemwa pia kwa tunda bichi. Aoros basi ni aliyechumwa kabla ya kuiva, na hawakuitwa hivyo watoto tu, bali hata watu wazima.