Barabara ya Galveston na uhuru uliocheleweshwa

Leo tunaelekea jimbo la Texas, kusini mwa Marekani, kuifuata barabara inayotoka katika miji jirani ya Fort Worth na Dallas, ikapita Houston, na kukomea katika kisiwa cha Galveston kwenye Ghuba ya Mexico. Kutoka Dallas hadi kisiwani ni mwendo wa kilomita zipatazo 460. Wakazi wengi wa miji hiyo, wakiwemo Wakenya, Watanzania na Wakongo waliohamia huko, huufunga mwendo huo mwishoni mwa juma kutafuta upepo wa bahari, ufuo wa mchanga na kamba wabichi waliovuliwa alfajiri.

Lakini barabara hiyo ina kumbukumbu nyingine. Ni katika kisiwa hicho cha Galveston ambako, tarehe 19 Juni mwaka 1865, jeshi la serikali ya Marekani lilitoa agizo la kuwatangaza huru watumwa wa Texas, miaka miwili na nusu baada ya Rais Abraham Lincoln kutia saini tangazo la ukombozi. Kila mwaka husemwa kwamba habari ya uhuru ilichelewa kufika. Makala haya yanauliza swali moja tu: je, uhuru huo ulichelewa, au ulicheleweshwa?

Bibi aliyetembea kwa miguu

Tuanzie Fort Worth. Hapo ndipo alipokulia Bibi Opal Lee, aliyezaliwa mwaka 1926. Tarehe 19 Juni mwaka 1939, kundi la Wazungu liliivamia nyumba ambayo wazazi wake walikuwa wameinunua muda mfupi uliopita katika mtaa wa Wazungu, likaiharibu na kuichoma moto. Opal alikuwa na umri wa miaka 12. Mwaka 2016, akiwa na miaka 89, bibi huyo alianza kutembea kwa miguu kutoka Fort Worth akielekeza uso wake Washington. Katika miji aliyosimama alitembea maili mbili na nusu, yaani kilomita nne, kukumbusha ile miaka miwili na nusu. Dai lake lilikuwa siku hiyo iwe sikukuu ya taifa zima. Texas yenyewe ilikuwa inaiadhimisha rasmi tangu mwaka 1980, kwa sheria iliyopelekwa bungeni na Al Edwards, mjumbe kutoka Houston. Tarehe 17 Juni mwaka 2021, Rais Joe Biden aliitia saini sheria ya sikukuu hiyo kwa nchi nzima, na Bibi Opal Lee alikuwepo akishuhudia.

Kutoka Fort Worth tunafika Dallas. Huko, waliotoka utumwani walianzisha makaburi yao mwaka 1869. Katika miaka ya 1940 barabara kuu ilijengwa juu ya sehemu ya makaburi hayo. Barabara hiyo ilipotakiwa kupanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wataalamu wa mambo ya kale walifukua mabaki ya watu zaidi ya 1,100 na kuyazika upya jirani na hapo. Hivyo msafiri anayeondoka Dallas kuelekea kusini huuacha nyuma yake mji wenye ardhi waliyolazwa watu ambao uhuru wao ulitangazwa huko mwisho wa barabara.

Saa nne hivi baadaye, msafiri huingia Houston. Kuna bustani hapo yenye ekari 10 inayoitwa Emancipation Park, maana yake bustani ya ukombozi. Mwaka 1872, watu waliokuwa watumwa, wakiongozwa na Mchungaji Jack Yates, walichanga fedha zao na kununua kiwanja hicho ili wawe na mahali pao pa kuiadhimisha siku ya uhuru. Tukumbuke, msikilizaji, kwamba hao ni watu ambao miaka saba tu kabla ya hapo walikuwa wenyewe wakiuzwa na kununuliwa.

Siku moja, mambo mawili

Kutoka Houston ni mwendo wa kilomita 80 hivi hadi kwenye daraja la kisiwani. Msikilizaji wa Mombasa anayeijua njia ya Makupa ataelewa mara moja umuhimu wa kivuko cha namna hii: mwenye kukishika kivuko ndiye mwenye kukishika kisiwa. Galveston ni kisiwa chembamba chenye urefu wa kilomita 43 hivi, na upana usiozidi kilomita 5.

Wenyeji wake wa kale ni Wakarankawa. Mwaka 1528, Wahispania waliovunjikiwa na vyombo walitupwa na bahari katika kisiwa hicho au kilicho jirani yake, na miongoni mwao alikuwemo Mwafrika mmoja, Esteban, mtumwa kutoka Azemmour nchini Morocco. Alikuja hapo akiwa mali ya mtu mwingine, na baada ya karne tatu maelfu wengine waliletwa vivyo hivyo. Mexico, iliyoitawala Texas wakati huo, ilipiga marufuku utumwa mwaka 1829. Walowezi kutoka Marekani walipojitangazia jamhuri yao mwaka 1836, katiba yao iliuhalalisha. Galveston ikawa bandari kuu ya pamba, na palipo na pamba palikuwa na watumwa. Hesabu ya watu ya mwaka 1860 iliwakuta watumwa zaidi ya 180,000 katika Texas. Vita vilipopamba moto, mabwana wa majimbo mengine waliwahamishia watumwa wao huko ili kuwaweka mbali na majeshi ya Lincoln, na idadi yao ikafikia kiasi cha 250,000.

Sasa tuitazame tarehe 1 Januari mwaka 1863. Siku hiyo tangazo la Lincoln lilianza kutumika kisheria. Alfajiri ya siku hiyo hiyo, majeshi ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga yaliwashambulia wanajeshi wa serikali waliokuwa wameishika Galveston, yakawashinda na kukitwaa tena kisiwa. Mkono wa kuitekeleza sheria ulikatwa siku ile ile sheria ilipozaliwa.

Kwa hiyo si kweli kwamba habari ilikosa njia. Magazeti ya Texas yaliliandika tangazo hilo. Wenye mashamba walikuwa na habari. Kilichokosekana ni nguvu ya kuwalazimisha kutii. Nguvu hiyo ilipatikana baada ya jeshi la mwisho kubwa la Kusini kusalimu amri, katika mapatano yaliyotiwa saini ndani ya meli nje ya bandari ya Galveston mwanzoni mwa Juni 1865. Jenerali Gordon Granger akawasili, na tarehe 19 likatoka Agizo la Jumla namba 3, likisema kwamba watumwa wote ni huru na kwamba kuna usawa kamili wa haki kati ya waliokuwa mabwana na waliokuwa watumwa. Hata hivyo agizo hilo hilo liliwashauri walioachiwa wabaki kimya mahali walipo na wafanye kazi ya ujira, likawaonya kwamba hawatalishwa wakikaa bure. Hata baada ya hapo, simulizi za waliokuwa watumwa, zilizokusanywa katika miaka ya 1930, zinawataja mabwana walionyamaza hadi mavuno yakusanywe.

Jambo hili si geni kwa pwani yetu. Sultani Barghash wa Zanzibar alikubali kulifunga soko la watumwa mwaka 1873, lakini hali ya utumwa yenyewe haikuondolewa kisheria hadi amri ya mwaka 1897. Hata amri hiyo ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru wake, na masuria waliachwa nje hadi mwaka 1909. Katika pwani ya Kenya ilisubiriwa hadi mwaka 1907. Huko na huku, uhuru ulikuwa na tarehe mbili: ya karatasi na ya mtu mwenyewe.

Onyo lililozuiwa

Walioachiwa huru Galveston hawakukaa bure. Walianzisha makanisa na shule, na Januari 1866 waliandamana hadi kanisa lao katika barabara ya Broadway, lijulikanalo leo kama Reedy Chapel, kuusherehekea ukombozi. Norris Wright Cuney, aliyezaliwa mtumwani mwaka 1846, alikuja kuwa diwani wa mji, na mwaka 1883 aliwaunganisha wafanyakazi weusi wa bandari wapate kazi ya kupakia marobota ya pamba, kazi iliyokuwa imehodhiwa na Wazungu.

Kisha ikaja tarehe 8 Septemba mwaka 1900. Kimbunga kilikipiga kisiwa ambacho sehemu yake ya juu kabisa haikufika mita tatu kutoka usawa wa bahari. Maji yalipanda kwa zaidi ya mita nne, na madaraja yote ya kwenda bara yakavunjika. Watu kati ya 6,000 na 12,000 walikufa, na hadi leo hakuna maafa ya asili yaliyoua watu wengi zaidi katika historia ya Marekani. Wataalamu wa hali ya hewa wa Havana walikuwa wamekwisha kuona kwamba tufani hiyo ingeelekea Texas. Lakini ofisi ya hali ya hewa ya Marekani, ambayo nchi yake wakati huo iliikalia Cuba kijeshi, ilikuwa imezizuia telegramu za Wacuba hao, ikiamini utabiri wake yenyewe. Kwa mara nyingine, ukweli ulikuwepo, ila waliokuwa na uwezo wa kuupitisha waliufungia njia. Na baada ya tufani, wanaume weusi walilazimishwa kwa mtutu wa bunduki kubeba maiti.

Mji ulijengwa upya kwa kazi ya ajabu. Ukuta wa bahari wenye kimo cha mita tano ulisimamishwa, halafu kati ya mwaka 1903 na 1911 majengo zaidi ya 2,000 yaliinuliwa kwa jeki, na chini yake ukamwagwa mchanga uliovutwa kwa mabomba kutoka baharini. Kanisa moja lenye uzito wa tani 3,000 liliinuliwa kwa jeki 700. Lakini biashara haikungoja. Houston ilichimba mfereji wake wa meli, ukafunguliwa mwaka 1914, na utajiri ukahamia bara pamoja na mafuta.

Wavuvi na hakimu

Leo msafiri anayevuka daraja hukuta hifadhi ya jimbo iliyofunguliwa mwaka 1975, yenye ekari zipatazo 2,000, ambayo upande mmoja ni ufuo wa bahari kuu na upande wa pili ni vinamasi vyenye ndege wa maji. Katika gati namba 19, mashua huteremsha kamba, na chaza huletwa kutoka miamba ya ghuba. Kazi hiyo ni ngumu. Kimbunga Ike cha mwaka 2008 kilifukia kwa tope zaidi ya nusu ya miamba ya chaza, mafuriko ya kimbunga Harvey mwaka 2017 yakaua chaza wengine kwa maji baridi ya mito, na kamba wa kufugwa kutoka ng'ambo wameshusha bei.

Wavuvi hao nao wana sura yao katika historia hii. Baada ya mwaka 1975, wakimbizi wa Kivietinam walianza kuvua kamba katika ghuba hiyo. Mwaka 1981, chama cha kibaguzi cha Ku Klux Klan kiliwatishia kwa silaha na kwa moto ili waache bahari. Wavuvi walikwenda mahakamani Houston. Kesi yao iliangukia kwa Gabrielle McDonald, hakimu wa kwanza mweusi wa mahakama ya serikali kuu katika Texas, naye akawazuia wabaguzi hao wasiwasumbue tena. Hakimu huyo ndiye aliyekuja kuwa rais wa mahakama ya kimataifa ya Yugoslavia ya zamani huko The Hague kati ya mwaka 1997 na 1999, na kwa wadhifa huo aliongoza kitengo cha rufaa kilichosikiliza pia kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda kutoka Arusha.

Hapo ndipo jibu la swali letu lilipo. Wavietinam walikuwa na haki ya kuvua kabla ya hukumu ile, kama vile watumwa wa Texas walivyokuwa huru kisheria kabla ya Juni 1865. Haki ilikuwepo, na ilijulikana. Tofauti ni kwamba mwaka 1981 alikuwepo mtu mwenye madaraka aliyekuwa tayari kuitekeleza. Uhuru wa Texas haukuchelewa njiani kama barua iliyopotea. Ulizuiwa na watu waliojua ni nini wanachokizuia na faida wanayoipata kwa kila msimu wa pamba unaopita.

Katikati ya mji wa Galveston, mahali lilipokuwa jengo la makao ya Jenerali Granger, kuna mchoro mkubwa ukutani uliozinduliwa mwaka 2021. Jina lake limetoka katika maneno ya agizo la mwaka 1865, nalo ni usawa kamili. Anayekwenda kisiwani kununua kamba hana budi kupita karibu nao.