Miaka 20 ya jQuery: maktaba iliyotangaziwa kifo bado inafanya kazi

Tarehe 14 Januari 2006, katika mkutano wa BarCamp mjini New York, kijana wa miaka 21 aitwaye John Resig aliwaonyesha wenzake maktaba ndogo ya JavaScript aliyoitunga mwenyewe. Aliiita jQuery. Mwaka huu imetimiza miaka 20.

Hapa Kisangani kumbukumbu hiyo imepita kimya, na haikustahili kupita hivyo. Mtu wa Masako, kilomita 14 hivi kutoka mjini kwa njia ya zamani ya Buta, akifungua ukurasa wa intaneti kwa mega alizonunua kwa faranga zake, kuna uwezekano mkubwa kwamba jQuery imo ndani yake. Kwa hesabu za W3Techs, maktaba hiyo imo katika zaidi ya asilimia 70 ya tovuti zote wanazozichunguza. Tena swali linalowagawa watu wa informatiki duniani kote, kubaki na chombo cha zamani au kuhamia kipya, limekwisha kuingia katika vituo vyetu vya afya.

Wakati ule vivinjari havikuelewana. Amri iliyokubaliwa na Firefox ilikataliwa na Internet Explorer 6, na mwandishi wa programu alilazimika kuandika kazi moja mara mbili. jQuery ilikaa katikati: unaandika mara moja, yenyewe inajua kusema na kila kivinjari. Toleo la 1.0 lilitoka Agosti 2006. Septemba 2008 Microsoft na Nokia zikatangaza kuiunga mkono. Toleo la 2.0, Aprili 2013, liliachana na Internet Explorer 6, 7 na 8, la 3.0 likafuata Juni 2016.

Mwaka huohuo wa 2006, toleo la kwanza la DHIS2 lilianza kutumika jimboni Kerala, India. Huu ni mfumo wa takwimu za afya uliozaliwa Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka. Ulianza juu ya Microsoft Access, kisha ukaandikwa upya na kikundi cha HISP cha Chuo Kikuu cha Oslo ili ufanye kazi kwenye kivinjari. Wizara ya Afya ya Kongo nayo inautumia, na ndani yake zoni za afya za jimbo letu la Tshopo hupeleka ripoti zao za kila mwezi: wangapi walipimwa malaria, wangapi walichanjwa, akina mama wangapi walijifungua.

Namna mfumo huo ulivyoenea katika eneo letu imesimuliwa na Ayub Manya na wenzake katika andiko lao la mwaka 2012 kuhusu Kenya. Wanachokisisitiza ni uamuzi mmoja: badala ya kusakinisha programu wilaya kwa wilaya, Kenya iliweka kompyuta kuu moja, na wilaya zikaifikia kwa intaneti ya simu. Mwaka 2011 ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuendesha takwimu za afya za taifa zima kwa njia hiyo. Lakini mtandao wa simu hukatika. Kwa hiyo ukurasa wa kuingizia takwimu, ulioandikwa kwa jQuery, ulifundishwa kuhifadhi namba ndani ya kivinjari mtandao unapopotea na kuzipeleka unaporudi. Anayejua umeme na mtandao wa Kisangani hahitaji kuelezwa thamani ya jambo hilo. Hitaji la wauguzi wa Afrika liliigusa programu iliyoandikwa Oslo, nasi tuna haki ya kujivunia.

Kisha likaja tukio la Paris.

Google ilikuwa imetoa AngularJS mwaka 2010, fremuweki iliyoahidi kupanga ukurasa mzima, si kurahisisha amri moja moja. Maelfu ya waandishi wa programu waliihamia. Wa DHIS2 walikuwemo: Tracker Capture, sehemu ya kumfuatilia mgonjwa mmoja mmoja, iliandikwa kwa AngularJS. Oktoba 2014, katika mkutano wa ng-europe mjini Paris, Igor Minar na Tobias Bosch wa timu ya Angular walipanda jukwaani kueleza toleo la pili. Kwenye skrini walionyesha mawe ya kaburi. Kila jiwe lilikuwa na jina la kitu ambacho waliokuwa ukumbini walikuwa wamekitumia kila siku: controller, $scope, angular.module. Vyote vilikuwa vimehukumiwa kuondoka.

Ghadhabu iliyofuata haikuwa ya watu wanaoogopa jipya. Hao ndio waliokuwa wamelikimbilia jipya mapema kuliko wengine. Kilichowauma ni kwamba walizikwa wakiwa kazini: misimbo yao ilikuwa bado inahudumia watu, na siku ile hawakuonyeshwa njia ya kuihamisha. Baadaye Google ilitengeneza daraja la kuyaendesha matoleo mawili pamoja, na Angular 2 ikatoka Septemba 2016. Kwa wengi imani ilikuwa imekwisha vunjika, wakaenda kwa React ya Facebook, iliyotolewa 2013, au Vue ya Evan You, ya 2014. AngularJS ilisitishiwa matunzo rasmi tarehe 31 Desemba 2021. DHIS2 nayo ikachagua React, na Tracker Capture ikaanza kuachiwa nafasi na programu mpya.

Linganisha na walichofanya watu wa jQuery. Walipoondoa amri za zamani mwaka 2013, walitoa wakati huohuo jQuery Migrate, nyongeza inayorudisha zilizoondolewa na kumwonyesha mwandishi mahali pa kurekebisha. Toleo la 4.0, lililoanza kujaribiwa hadharani Februari 2024, liliachana na Internet Explorer 10 na za kabla yake, lakini 11 likaibakiza kwanza. Ikibanwa, maktaba nzima ya 3 ni kilobaiti 30 hivi. Huo ndio utaratibu wa kuhama ninaoutetea: chombo kipimwe kwa namna kinavyowatendea waliochelewa.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo isitumiwe kutetea uvivu. Msimbo usiotunzwa tena na mtu, kama AngularJS, ni hatari katika mfumo unaobeba habari za wagonjwa, na unapaswa kuondolewa. React nayo haikuja bure: kurasa kubwa zenye mambo mengi yanayobadilika kwa pamoja zilikuwa zimeishinda jQuery. Ila mengi yanayoitwa maendeleo ni uamuzi wa watu walio mbali, na gharama yake humwangukia mtu mmoja ofisini mwa zoni ya afya, anayeamka asubuhi akakuta fomu imebadilika na ripoti inadaiwa wiki hiyohiyo.

Kwa hiyo kila mradi unaoleta toleo jipya Tshopo ulete pia fedha za mafunzo, na toleo la zamani liachwe wazi mpaka watu wazoee. Wanafunzi wa informatiki mjini mwetu wafundishwe kusoma msimbo wa jQuery sawasawa na wanavyofundishwa React, kwa sababu kazi itakayowakuta itakuwa na vyote viwili. Mji unaotegemea mfumo wa afya ulioandikwa kwingine unahitaji watu wake wenyewe wa kuufungua, kuusoma na kuurekebisha. Bila hao, la kubaki au kuhama litaendelea kuamuliwa na wengine, nasi tutaletewa taarifa tu.